Dhahabu Iliondoka, Zebaki Ikabaki

Sisi wa Kakamega tukisimulia habari za dhahabu huanzia 1931, kwa L. A. Johnson, Mmarekani aliyekuwa mkulima kule Turbo, aliyeigundua. Babu yangu alianzia kwenye sheria. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni iliandika kwamba ardhi iliyotengewa Waafrika ni yao milele, na kwamba ikichukuliwa walipwe ardhi kwa ardhi. Kufikia Desemba 1932 mahema ya Wazungu yalikuwa yamejaa kando ya mito yetu, na sheria ikageuzwa: fedha zatosha, wala si lazima baraza la wenyeji liarifiwe. "Milele ya Mzungu ni miaka miwili," babu alikuwa akisema.

Masimulizi hayo ni ya haki, ila huishia 1952, mgodi wa Rosterman ulipofungwa. Uchimbaji haukufungwa nao. Hadi leo watu wanashuka mashimoni pale Rosterman na kule Ikolomani, kwa kamba na tochi.

Wanaume huchimba, lakini kuponda na kuosha ni kazi ya kina mama. Shangazi yangu ameifanya tangu ujana wake. Mawe yakishasagwa, unga hutiwa kwenye karai pamoja na maji na zebaki kidogo, kisha hukorogwa kwa mkono mtupu. Zebaki hunasa chembe za dhahabu. Hukamuliwa kwa kitambaa, likabaki donge jeupe linalong'aa. Donge huchomwa kwenye jiko la makaa, mara nyingi lile lile la ugali. Zebaki hupaa kwa mvuke usioonekana, dhahabu ikabaki. Maji ya karai humwagwa uani, na mvua huyasukuma hadi Isiukhu au Yala, mito ambayo maji yake huishia Ziwa Victoria.

Mvuke nao husafiri mbali zaidi. Zebaki yaweza kukaa hewani miezi mingi kabla ya kushuka, na wachimbaji wadogo wa dhahabu duniani ndio chanzo kikubwa kuliko vyote vya zebaki ambayo binadamu huipeleka angani. Ikifika baharini, vijidudu huigeuza sumu kali zaidi, inayozidi kujilimbikiza kutoka samaki mdogo hadi mkubwa, hadi kwa sili na pengwini. Hao wakifa ufukweni, mizoga yao huiacha kwenye udongo wa ncha ya kusini ya dunia, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuosha jiwe.

Mnamo Oktoba 2013 Kenya ilitia saini Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, uliopewa jina la mji wa Japani ambao wakazi wake walilemazwa na samaki wenye zebaki. Mimi naunga mkono. Lakini anayemletea shangazi zebaki ni mnunuzi wa dhahabu yake. Humkopesha kwa sharti asiuze kwingine. Wanaokuja na semina humfundisha shangazi kuvaa glavu. Mnunuzi huyo sijamwona akialikwa.