Punje za Komoni

Nyololo, kila baada ya mavuno, Bibi alitandika turubai uani akachambua mahindi. Punje safi zilikwenda mashineni. Zenye ukungu hazikutupwa: nilizibeba mimi kwa ndoo hadi kwa jirani aliyepika komoni, nikarudi na sarafu. Bibi alizifunga kwenye pindo la kitenge chake.

Mwaka mmoja niliugua kifua, nikachomwa sindano za PPF. Hakuna aliyeniambia kwamba dawa ile ni zao la ukungu, tena ukungu uliolishwa mahindi.

Mwaka 1943, maabara ya Peoria, Marekani, ilipata ukungu hodari wa penisilini kwenye tikiti lililooza. Waliukuza katika maji yaliyolowekewa mahindi. Kisha watafiti wakaupiga eksirei, na baadaye miale ya urujuanimno, ili urithi wake ubadilike. Wakabakiza vizazi vilivyotoa dawa nyingi zaidi. Lakini pamoja na dawa ulitoa rangi ya manjano, ambayo kuiondoa kulikuwa kazi. Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin waliendelea kuchambua vizazi hadi wakapata kisichotengeneza rangi hiyo. Badala ya kusafisha dawa tu, walisafisha ukungu wenyewe.

Niliposoma hayo nilimkumbuka Bibi. Jicho lake lilikuwa kali, ila sumukuvu haionekani kwa jicho. Punje inaweza kung'aa nayo imo, na kuipika hakuimalizi. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 20.

Kwa hiyo hapa nasi tumeanza kuuchambua ukungu wenyewe. Aflasafe ya Tanzania ni punje za mtama zilizopakwa ukungu wa jamii ileile ya sumukuvu, Aspergillus flavus, ila wa aina zisizoweza kutengeneza sumu. Hizi hazikupigwa mionzi. Zilitafutwa katika mazingira yetu, zikapimwa, zikateuliwa. Zikimwagwa shambani mahindi yakiwa bado yamesimama, huwahi nafasi, ndugu zao wenye sumu wakakosa pa kukaa.

Bibi alituchambulia sisi wa nyumbani kadiri jicho lilivyomruhusu. Wanywaji wa komoni hawakuchambuliwa na mtu, na ndoo niliibeba mimi.