Safu ya Lugha: Mtandao
Mtafiti akitamka "mtandao wa kijamii", wengi huwaza simu na Facebook. Neno limebanwa mno. Asili yake ni kutanda, kama wingu linavyotanda angani. Hamna intaneti humo. Mwanaanthropolojia John Barnes alieleza mahusiano ya wakazi wa Bremnes, Norwei, kwa dhana hiyo mwaka 1954, miaka 50 kabla ya Facebook kuanzishwa.

Wanaochunguza mtandao binafsi huanza na mtu mmoja. Humwomba ataje majina: nani humweleza mambo yake mazito, nani anaweza kumkopesha. Kisha huja swali tamu zaidi: je, hao waliotajwa wanajuana wenyewe kwa wenyewe? Nchini Marekani, utafiti wa General Social Survey wa mwaka 1985 uliuliza swali hilo.

Basi mtandao si ukoo, ambao mtu huzaliwa ndani yake, wala si kikundi kama kikoba, chenye wanachama na daftari. Katika mtandao wa mtu, shangazi na fundi pikipiki huhesabiwa pamoja hata kama hawajawahi kuonana. Wafuasi elfu wa Instagram? Wengi wao ni hadhira tu. Nao "wanamtandao" wa siasa za Tanzania za 2005, yaani waliojipanga nyuma ya mgombea mmoja wa urais, wangeitwa kambi, na neno lingetosha.