Chakula tiba cha Kichina kwa presha: Mambo ya kujua kabla ya kula au kusafirisha

MBALE – Chakula tiba ni tawi la tiba ya jadi ya China linalotumia vyakula vya kawaida kulinda afya. Tabibu Sun Simiao, aliyeishi karne ya 7, alifundisha kuwa mgonjwa aanze kutibiwa kwa chakula, na dawa ifuate pale chakula kinaposhindwa. Mwaka 2002 wizara ya afya ya China ilitoa orodha rasmi ya vitu vinavyohesabiwa kuwa chakula na pia dawa.

Kwa presha, yaani shinikizo la damu, vinavyotajwa zaidi ni seleri, kitunguu saumu, choroko, uyoga mweusi, chai ya maua ya krisantemu na tunda jekundu liitwalo shanzha.

Kwa nini ihusu Namatala

Kitongoji cha Namatala kimo katika jiji la Mbale, kwenye njia ya malori yanayotoka mpaka wa Malaba kupitia Tororo kwenda Soroti na Lira. Mwaka 2018 ilizinduliwa Mbale bustani ya viwanda ya Wachina. Baadhi ya vyakula hivyo si vigeni hapa: choroko hulimwa Teso na kaskazini mwa Uganda, na kitunguu saumu kiko sokoni.

Dereva hukaa kwenye usukani saa nyingi na kula njiani chakula chenye chumvi nyingi. Presha mara nyingi haina dalili. Wengine hujua wanayo siku wanapopata kiharusi, na kikimkuta dereva barabarani, hatari ni ya wengi.

Kilichothibitishwa

Ushahidi wenye nguvu zaidi kutoka China unahusu chumvi. Utafiti uliofanyika katika vijiji 600, matokeo yake yakatangazwa mwaka 2021, ulihusisha watu karibu 21,000 waliowahi kupata kiharusi au wazee wenye presha. Waliotumia chumvi iliyochanganywa potasiamu kloraidi, takriban robo ya mchanganyiko, walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 14. Chumvi hiyo haimfai mwenye ugonjwa wa figo, wala anayetumia dawa zinazobakiza potasiamu mwilini, bila ushauri wa daktari.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima atumie chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai.

Kitunguu saumu kimeonyesha kushusha presha kwa kiasi, lakini hakichukui nafasi ya vidonge. Anayeacha vidonge kwa sababu ya chai au supu anajiweka hatarini.

Si kila cha Kichina hushusha presha. Mzizi mtamu wa gancao, yaani likorisi, huipandisha ukitumiwa kwa wingi. Kijiko kimoja kikubwa cha sosi ya soya kina zaidi ya gramu 2 za chumvi.

Mpakani

Choroko zikisafirishwa kama choroko ni chakula. Pakiti ikiandikwa kwamba inatibu presha, mzigo unaweza kuhesabiwa kuwa dawa. Nchini Uganda dawa, zikiwemo za mitishamba, husimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa (NDA). Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Mwenye lori asipokee mzigo wa aina hiyo bila kuona karatasi za usajili na kibali cha kuingiza.

Utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizo kwenye orodha ya pamoja na zilizozalishwa ndani ya jumuiya. Choroko za Teso zinaweza kunufaika. Kitunguu saumu kilichotoka China hakinufaiki. Ukaguzi wa afya ya mimea unabaki palepale.

Kwa dereva, hatua ya kwanza ni kupima. Kipimo kikirudia kufika 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, amwone mganga wa kituo cha afya, apunguze chumvi, na vidonge akiandikiwa asiviache.