Ol Doinyo Lengai: Mlima hai unaomtaka mpandaji ajue wakati wa kugeuka

WENGI wanapotaja upandaji wa milima nchini Tanzania, jina linalowajia kwanza ni Kilimanjaro. Ndio mlima mrefu kuliko yote barani Afrika, na moto wake umelala kwa muda mrefu kiasi kwamba anayeupanda huwaza baridi na uhaba wa hewa tu.

Hata hivyo, katika Wilaya ya Ngorongoro mkoani Arusha, kusini mwa Ziwa Natron, upo mlima mwingine ambao moto wake haujalala. Huo ni Ol Doinyo Lengai, wenye urefu wa mita 2,962 kutoka usawa wa bahari, yaani karibu nusu tu ya Kilimanjaro wenye mita 5,895. Mtu mwenye afya njema anaweza kuupanda na kushuka katika muda usiofika siku moja.

Wepesi huo wa hesabu ndio unaoweza kumponza mgeni. Lengai ni volkano hai, na volkano hai haina ratiba. Njia iliyopitika mwaka jana yaweza kuwa imefunikwa mwaka huu, na ukingo uliobeba watu jana waweza kumeguka leo. Kwa sababu hiyo, kufika kileleni ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua ni wakati gani inampasa mtu asiendelee.

Mlima wa Mungu

Kwa lugha ya Kimaasai, Ol Doinyo Lengai maana yake ni Mlima wa Mungu. Kwa jadi ya Wamaasai, Engai ni mmoja lakini ana sura mbili: Engai Narok, yaani mweusi, aletaye mvua na neema, na Engai Nanyokie, yaani mwekundu, ambaye hasira yake huonekana katika ukame na maradhi. Kwa vizazi vingi watu wamekuwa wakienda kwenye mlima huo kuomba mvua, kuombea mifugo, na wanawake kuomba watoto. Mpandaji anayefika hapo huingia mahali pa ibada ya watu wengine, na adabu inamtaka akumbuke hivyo.

Neema ya mlima huo si suala la imani pekee. Majivu yaliyopeperushwa na upepo kutoka Lengai na jirani yake aliyezimika, mlima Kerimasi, ndiyo yaliyotandika udongo wa nyanda za kusini mashariki mwa Serengeti. Udongo huo huotesha nyasi fupi zenye madini mengi, na ndiko nyumbu huenda kuzalia kila mwaka.

Majivu hayo hayo yamehifadhi kumbukumbu ya watembeaji wa kale. Karibu na kijiji cha Engare Sero zimepatikana nyayo za binadamu zaidi ya 400, zilizokanyagwa katika tope la majivu ya mlima huo kati ya miaka 19,100 na 5,760 iliyopita. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa watu 17 walipita pamoja kuelekea upande mmoja, na kwamba 14 kati yao yaelekea walikuwa wanawake.

Lava isiyo na mfano

Jambo linalowavuta wataalamu wa jiolojia kutoka pande zote za dunia ni aina ya lava inayotoka katika mlima huu. Volkano nyingi hutoa lava yenye silika kwa wingi, ambayo joto lake aghalabu hupita nyuzi 1,000 za Sentigredi. Lava ya Lengai ina silika kidogo mno. Imejaa kaboneti za sodiamu, potasiamu na kalisi, na joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600 hivi. Hakuna volkano nyingine duniani inayotoa lava ya namna hiyo katika zama hizi.

Mtaalamu wa jiolojia kutoka Uingereza, John Barry Dawson, aliiona lava hiyo ikitiririka kasokoni mwaka 1960, na mwaka 1962 alichapisha maelezo yaliyowashangaza wanasayansi wenzake. Moja ya madini makuu yaliyomo ndani yake limepewa jina la nyerereite, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania.

Kwa macho, lava hiyo hudanganya. Mchana huonekana nyeusi au ya kahawia kama matope, bila ule wekundu mkali ambao watu huutarajia. Usiku tu ndipo wekundu wake hafifu huonekana. Ni nyepesi, hivyo hutiririka kwa kasi kama mafuta. Ikishapoa na kukutana na unyevu hubadilika rangi na kuwa nyeupe, kiasi kwamba aliye mbali hudhani kilele kina theluji.

Udanganyifu huo una maana kubwa kwa usalama. Mgeni anayedhani kuwa kila kisichong'aa kimepoa anaweza kukanyaga tabaka jembamba lililofunika lava yenye joto la kuunguza nyama na mfupa.

Historia ya milipuko

Katika karne ya 20 Lengai ulilipuka kwa nguvu mara kadhaa, ikiwa ni pamoja na mwaka 1917, 1940 hadi 1941, na 1966. Kuanzia mwaka 1983 ulianza kipindi kirefu cha upole, ambapo lava ilitoka taratibu na kuijaza kasoko ya kaskazini. Kufikia mwaka 1998 kasoko hiyo ilikuwa imejaa hata lava ikaanza kumwagika nje ya kingo zake.

Katika miaka hiyo ya upole wageni waliweza kutembea juu ya sakafu ya kasoko, katikati ya vichuguu virefu vya lava vilivyokuwa vikitoa moshi na kutema matone ya moto. Wapo waliopiga mahema yao humo na kulala.

Upole huo ulikoma mwaka 2007. Katikati ya Julai mwaka huo ardhi ilianza kutikisika mfululizo katika eneo la mlima Gelai, jirani na Lengai. Julai 17 lilitokea tetemeko lenye ukubwa wa 5.9, ambalo lilisikika hadi Nairobi, nchini Kenya. Septemba 4 mlima ukalipuka na kurusha majivu angani kwa kilomita kadhaa. Milipuko iliendelea kwa vipindi hadi mwaka 2008, na wafugaji waliokuwa karibu walilazimika kuhama na mifugo yao.

Ilipotulia, sakafu ile ya zamani haikuwapo tena. Mahali pake palikuwa na shimo lenye kina cha zaidi ya mita 100 na kuta zilizosimama wima, likizungukwa na kilima kipya cha majivu. Tangu hapo lava imerejea na kuanza kulijaza shimo hilo kutoka chini. Kwa hiyo, maelezo ya vitabu vya zamani vya utalii kuhusu kuingia na kutembea ndani ya kasoko hayafai kufuatwa leo. Mpandaji hutazama akiwa ukingoni, na ukingo wenyewe si wa kuegemea.

Safari yenyewe

Safari za Lengai kwa kawaida huanzia Arusha kupitia Mto wa Mbu na Engaruka, penye magofu ya mifereji ya kale ya umwagiliaji, hadi Engare Sero. Njiani hulipwa ada mbalimbali, hivyo ni vyema msafiri aulize mapema viwango vinavyotumika na kudai stakabadhi.

Upandaji huanza usiku, kati ya saa tano na saa saba. Sababu yake ni jua. Bonde la Ufa katika eneo hilo ni kama tanuri mchana, na ubavu wa mlima hauna kivuli. Anayeanza usiku wa manane hufika juu baada ya saa tano au sita hivi, wakati alfajiri inapoingia.

Mwanzo wa njia ni wa kawaida, katikati ya nyasi. Baadaye njia huingia katika makorongo yaliyochongwa na maji kwenye majivu yaliyogandamana, na mteremko huzidi kuwa mkali hadi mpandaji analazimika kutumia mikono na miguu. Jumla ya kupanda ni zaidi ya mita 1,500 kwenda juu, karibu bila tambarare ya kupumzikia. Hakuna vibanda vya kulala njiani kama vile vya njia ya Marangu kule Kilimanjaro, wala hakuna chemchemi. Maji yote ya safari hubebwa mgongoni, na lita tatu au nne kwa kila mtu si nyingi.

Mzigo wa Lengai unapaswa kuwa mdogo lakini uliokamilika: viatu imara vinavyofunika vifundo vya miguu, tochi ya kichwani na betri za akiba, glavu za kuzuia mikwaruzo ya miamba, kofia ngumu kwa ajili ya mawe yanayoporomoka, miwani na kitambaa cha kuziba pua wakati wa vumbi, pamoja na sweta. Watu wengi huisahau sweta kwa sababu ya joto la bondeni. Jasho likiwaloa na upepo wa kileleni ukawapiga, hutetemeka kama walio Kilimanjaro.

Kushuka ndiko kunakochosha zaidi. Magoti yamelegea, majivu yanateleza, na jua limeshapanda. Makundi yanapaswa kuachana nafasi, kwa kuwa jiwe linalosukumwa na aliye juu humfikia aliye chini kabla hajaweza kukwepa. Wakati wa masika hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa majivu yaliyolowa huteleza na maji hufuata makorongo yale yale yanayotumika kama njia. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo mikavu.

Malipo ya taabu hiyo ni makubwa. Kukipambazuka, Ziwa Natron hutandazika upande wa kaskazini, wakati mwingine likiwa jekundu kwa vijidudu vinavyostawi katika magadi yake. Hapo ndipo heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana. Kusini huonekana Kerimasi na nyanda za juu za Ngorongoro, na siku yenye anga safi Kilimanjaro hujitokeza mbali mashariki.

Hatari zisizoonekana

Mbali na lava na mteremko, zipo hatari ambazo jicho halizioni. Volkano hutoa gesi, na mojawapo ni kaboni dayoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na ni nzito kuliko hewa. Pasipo upepo hujikusanya mabondeni na mashimoni. Wakazi wa Goma, nchini Kongo, wanaoishi chini ya volkano ya Nyiragongo, huita mahali penye hewa hiyo mazuku, na wanajua kuwa mtu au mnyama akiingia humo anaweza kufa bila kujua kilichompata. Kwa hiyo kulala katika bonde la kileleni, hata kama linakinga upepo, si jambo la busara.

Hatari nyingine ni ukingo wa kasoko. Uchunguzi wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa ardhi ya kileleni ilididimia kwa wastani wa sentimita 3.6 kila mwaka kati ya mwaka 2013 na 2023. Nyufa zinazofuata mkondo wa ukingo ni alama ya kukaa mbali, hata kama picha nzuri iko hatua mbili mbele.

Funzo la Marapi

Ukubwa wa hatari hizi ulidhihirika nchini Indonesia. Desemba 3, 2023, mlima Marapi katika kisiwa cha Sumatra ulilipuka ghafla wakati wapandaji wapatao 75 wakiwa juu yake. Zaidi ya 20 walipoteza maisha. Kabla ya siku hiyo mamlaka zilikuwa zimeonya watu wasikaribie kasoko kwa umbali wa kilomita tatu, lakini upandaji uliendelea.

Tofauti kati ya onyo na ajali ilikuwa utii. Mlima uliokuwa umepandwa mara nyingi bila madhara ulikuwa umewazoeza watu kuamini kwamba siku inayofuata itakuwa kama iliyopita.

Kwa upande wa Lengai, mtandao wa vipokezi vya GPS uitwao TZVOLCANO, unaowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ardhi cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Virginia Tech cha Marekani, hupima mabadiliko ya umbo la mlima. Wapandaji nao wana mchango wao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulitumia picha zilizopigwa na wageni kileleni kukadiria jinsi lava ilivyokuwa ikiijaza kasoko tangu mlipuko wa 2007 na 2008.

Vifaa hivyo vyote, hata hivyo, haviwezi kumwamulia mtu aliye ubavuni mwa mlima saa tisa usiku. Mwenye uwezo huo ni mwongozaji mzawa, aliyeupanda mlima mara nyingi na anayejua sauti yake ya kawaida. Ardhi ikitetemeka, moshi ukibadilika na kuwa mzito na mweusi, ngurumo ikisikika au majivu yakianza kudondoka, yeye ndiye wa kusema "turudi", na neno lake linapaswa kuwa la mwisho.

Mgeni aliyelipa fedha na kusafiri kutoka mbali huona uchungu kugeuka akiwa amebakiza mita 200. Lakini Lengai umesimama hapo kwa maelfu ya miaka, na utamsubiri. Anayeshuka salama hubaki na nafasi ya kupanda tena.