Umri wa Chungu

Tumezoea kusoma kwamba tabaka fulani la magofu ya Kilwa Kisiwani ni la karne fulani, na ni nadra kuuliza aliyeyajua hayo kayajuaje. Neville Chittick, aliyechimba huko katika miaka ya 1960, alitegemea sana sarafu na vyombo vya kigeni, hasa sahani za Uchina, kwa kuwa nyakati za kutengenezwa kwake zafahamika. Chungu cha mwenyeji, kilichopikiwa chakula cha kila siku, kilipewa umri kwa kuwa kilizikwa pamoja na sahani ya mgeni. Hatuidharau sahani hiyo. Lakini chungu nacho kina ushahidi wake, nao umo katika udongo wake wenyewe.

Udongo una chembe chache za yureniamu, thoriamu na potasiamu, zitoazo mionzi bila kukoma. Mionzi hiyo huzitikisa elektroni katika fuwele za mchanga zilizomo ndani ya chungu, na baadhi hunaswa humo, mfano wa maji yadondokayo mtungini. Mfinyanzi achomapo chungu, joto lipitalo nyuzi 500 za Selsiasi huyamwaga maji hayo yote. Hata moto wa kuni na nyasi, usio na joko, hufikia joto hilo. Tangu hapo hesabu huanza upya. Wataalamu hukwangua unga kidogo wa chungu na kuuchoma tena gizani, nao hutoa mng'ao hafifu, ambao ndio kipimo cha mionzi yote iliyopokewa. Jumla hiyo ikigawanywa kwa kiasi cha mwaka mmoja, miaka hupatikana. Fikra hii ilitolewa Marekani mwaka 1953 na Farrington Daniels na wenzake, ikakuzwa hasa na Martin Aitken huko Oxford, Uingereza. Kosa lake aghalabu ni asilimia 5 hadi 10. Kwa chungu cha miaka 1,000, ni miaka 50 hadi 100 mbele au nyuma. Si haba.

Mwaka 1971 wataalamu wa Oxford walitangaza matokeo ya kupima vyombo vilivyouzwa kwa jina la Hacilar, makazi ya kale sana ya Uturuki. Zaidi ya nusu vilikuwa vya kughushi, vimechomwa juzijuzi tu, na vingine vimekwisha kununuliwa na majumba ya makumbusho yenye sifa! Hata vile vya kweli havikuweza kuutaja mwaka wao barabara, kwani sehemu ya mionzi hutoka katika ardhi inayokizunguka chombo, kwa umbali wa sentimita 30 hivi, na walanguzi hawakuuza ardhi.

Vivyo hivyo kigae kilichookotwa, kikaoshwa na kupangwa katika kabati la shule, chaweza kusema kama ni cha kale au cha jana, basi. Ndiyo maana mchimbaji mwangalifu hutia mfukoni udongo wa papo hapo pamoja na kigae, kisha huufunga imara, kwa kuwa hata unyevu wake umo katika hesabu.