Safu ya Lugha: Kuganda si kuzima

Mtu akibadilisha prosesa ya kompyuta, kisha mashine ikaanza kumsumbua, humwambia fundi "imeganda", hata kama imezima au imekuwa nzito tu. Hilo ni kosa. Kuganda ni neno la vitu vya majimaji: maziwa huganda yakawa mgando, damu huganda kidondani, mafuta ya nazi huganda asubuhi ya baridi. Tena lina maana ya kung'ang'ania, ndiyo maana kupe huganda kwenye ngozi ya ng'ombe. Kompyuta iliyoganda inazibeba maana zote mbili: kioo kinawaka, picha imeng'ang'ania palepale, kishale hakisogei, na ukibonyeza kitufe chochote haiitikii.

Ikijizima ghafla, sema imezima. Hapo fundi ataanza na joto, yaani feni na pesti inayopakwa juu ya prosesa, kwa sababu prosesa za siku hizi zikizidiwa na joto hupunguza kasi, na likipanda zaidi hujizima. Kuganda hasa humpeleka kwingine: RAM isiyokaa sawasawa, umeme usiotosha, au BIOS ya zamani isiyoifahamu vizuri prosesa mpya. Kukwama nako ni kwa kitu kimoja: programu imekwama, nyingine zinaendelea. Na "imehengi" ya vijana sioni inaongeza nini juu ya kuganda.

Ndugu msomaji, mpe fundi neno sahihi kabla hajafungua kasha.