Masisi na Walikale: mdai yupo, mwajiri ni nani?

Dekreti ya Wabelgiji ya 1922 kuhusu mkataba wa kazi katika Kongo ilimwelemea mfanyakazi: akiuvunja mkataba, alifungwa jela. Ndiyo sheria iliyotawala walowezi walipopanua mashamba Masisi, mashariki mwa Kongo, na tangu 1937 familia zikaletwa huko kutoka Rwanda. Vita Vikuu vya Pili vikaongeza kazi za lazima vijijini kutoka siku 60 hadi 120 kwa mwaka. Malalamiko yasiyokuwa na mahakama ya kuyasikiliza yakageuka uasi: mwaka 1944 Bushiri Lungundo aliwaongoza wafuasi wa Kitawala, vuguvugu la kidini, katika eneo la Masisi na Lubutu, na serikali ikauzima kwa bunduki.

Baada ya uhuru sheria iligeuka. Kodi ya Kazi (yaani kitabu cha sheria za kazi) ya 1967, kisha ile ya 16 Oktoba 2002, zilimpa mfanyakazi njia ya kudai. Kwanza anapeleka shauri kwa enspekta wa kazi, anayejaribu kuwapatanisha. Wakishindwa kuelewana, ndipo mahakama inapoingia. Aliyefukuzwa bila sababu halali anaweza kurudishwa kazini, la sivyo alipwe fidia isiyozidi mishahara ya miezi 36. Dai la mshahara hufa baada ya mwaka mmoja.

Lakini wakati kodi hiyo inatiwa saini, kampuni za madini zilikuwa zimekwisha kuondoka. SOMINKI, iliyoundwa 1976, ilitikiswa na kuanguka kwa bei ya bati mwaka 1985, na ikavunjwa 1997. Huko Bisie (Walikale) na Rubaya (Masisi), watu wakachimba madini wenyewe. Mwenye shimo, anayeitwa PDG, hugharimia chakula na vifaa; mchimbaji hulipwa kwa fungu la mawe. Kodi ya Madini inamtaka awe na kadi na ajiunge na kooperativa, lakini kadi si mkataba wa kazi.

Hata hivyo mlango haujafungwa kabisa. Kodi ya 2002 inatambua kazi inayofanywa kwa malipo chini ya mamlaka ya mwingine, hata mamlaka isiyo ya moja kwa moja, na inamruhusu mfanyakazi asiye na karatasi kuthibitisha mkataba kwa kila njia halali: mashahidi, daftari la shimo, hesabu ya magunia.

Ushahidi huo unahitaji ofisi ya kuupokea. Tangu Aprili 2024 Rubaya imekuwa mikononi mwa waasi wa M23, na enspekta wa Kinshasa hana amri huko.